Kompaila ya zamani iachwe, lakini daraja libaki

USIACHE mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Methali hii ndiyo hutupwa mezani kila mara watu wa kompyuta wanapotangaza kwamba kitu fulani cha zamani hakitahudumiwa tena. Katika chumba cha walimu cha shule ninakofundisha ilitupwa tena baada ya Julai 2025, lilipotoka toleo la 6.16 la Linux likiwa na sharti jipya: anayetaka kulijenga kutoka kwenye msimbo wake awe na kompaila ya GCC isiyopungua toleo la 8.1. Kabla ya hapo toleo la 5.1 lilitosha. Wenzangu wawili walisema huo ni uonevu wa matajiri dhidi ya watu wenye mashine kuukuu. Mimi sikubaliani nao, na kwa kuwa mjadala ule haukuisha, naomba kuuendeleza hapa mbele yenu.

Msimamo wangu ni huu. Waliopandisha sharti lile walikuwa sahihi. Tena namna walivyolipandisha ina somo kwa ofisi zetu, benki zetu na shule zetu, ambazo nazo kila mwaka hutuambia kwamba cha jana hakifai tena leo. Sisi tuliorejea kutoka ukimbizini, na ninyi mnaovuka mpaka kila wiki na mizigo, tunalijua neno hilo kuliko watu wengine.

Najua msomaji anayeuza mawese Rumonge au vitenge Uvira atauliza: kompaila ni mdudu gani, na inanihusu nini? Swali ni la haki. Kompaila ni mkalimani. Mtu anayetengeneza programu huiandika kwa lugha ambayo binadamu aliyeisomea anaweza kuielewa, kwa mfano lugha inayoitwa C. Chipu iliyomo ndani ya mashine haielewi lugha hiyo. Yenyewe inaelewa namba tu. Kompaila hukaa katikati, ikasoma alichoandika mtu na kukigeuza kuwa namba ambazo chipu inazitekeleza.

Na inawahusu. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako, unayotumia kuuliza bei ya dagaa Kigoma kabla hujapakia mzigo, ina kiini cha Linux ndani yake. Kiini hicho kilitafsiriwa na kompaila. Mkalimani akikosea, hata mwandishi awe hodari namna gani, kitakachofika upande wa pili ni kosa. Sisi tuliokulia makambini na kwenye makazi ya wakimbizi hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Tumeona familia nzima ikiandikwa majina yasiyo yake kwa sababu mkalimani mmoja alisikia vibaya mbele ya karani.

Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. GCC ni ya zamani zaidi. Ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Richard Stallman wa Marekani. Zote mbili ni programu huria, maana yake yeyote ana ruhusa ya kuusoma msimbo, kuubadilisha, kuunakili na kuugawa. Hakuna duka lenye haki ya peke yake ya kuziuza. Wapo wanaolipwa na kampuni zao ili wazihudumie, na wapo wengi wanaozihudumia kwa kujitolea baada ya kazi zao za mchana.

Sasa, kwa nini mkalimani wa zamani aachwe? Sababu ya kwanza ni kwamba mkalimani wa zamani ana makosa ambayo hayatarekebishwa tena. Nitatoa mfano mmoja ambao ni wa kweli na uliacha kumbukumbu. Matoleo ya GCC yaliyotangulia 5.1 yalikuwa na kasoro yalipotafsiri kwa ajili ya chipu za Arm za biti 64. Programu inapofanya kazi hutengewa sehemu ndogo ya kumbukumbu ya mashine, iweke vitu vyake vya muda. Ikimaliza huirudisha. Kompaila ile, katika hali fulani, iliandika amri za kurudisha sehemu hiyo kabla ya amri ya kuchukua kitu cha mwisho kilichokuwa kimewekwa pale.

Mwenye meza sokoni atanielewa haraka. Ni sawa na muuza dagaa anayemkabidhi mwenzake meza kabla hajaokota pesa zake zilizo chini ya mizani. Siku nyingi hakuna kinachoharibika, kwani anageuka, anaziokota na kwenda zake. Lakini siku moja, katika ule muda mfupi, mwenzake anamwaga mzigo wake juu ya meza. Pesa hazionekani tena, na hakuna mwizi wa kumkamata.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtaalamu Russell King, aliyeitumikia Linux ya chipu za Arm kwa miaka mingi, aliona mashine yake ikilalamika mara moja moja kwamba hesabu za kuhakiki mafaili kwenye diski hazikubaliani. Diski haikuwa na kosa. Msimbo wa Linux haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkalimani, na lilijitokeza tu pale kazi ya dharura ilipoingia katika nafasi ile ndogo kati ya amri mbili. Mwezi Januari 2021 iliamuliwa kwamba kwa chipu hizo hakuna tena kukubali kompaila iliyo chini ya 5.1. Baadaye mwaka huo huo, katika toleo la 5.15, sharti hilo likawa la chipu zote.

Nawauliza wanaosema uonevu: mngependa waendelee kuikubali? Kuendelea kumpokea mkalimani ambaye unajua anaharibu hesabu za watu, eti kwa kuwa ni mzee na tumemzoea, hakuwezi kuitwa heshima kwa wazee. Ni kuwatupia hasara watu ambao hawajui hata kama yupo.

Sababu ya pili ni gharama. Kila toleo la zamani linalokubaliwa lazima lijaribiwe. Kila kasoro yake inayojulikana lazima iandikiwe njia ya kuikwepa, na njia hizo hujaa ndani ya msimbo kama viraka kwenye turubai. Anayekuja kusoma baadaye anakuta mistari isiyoeleweka, akiuliza anaambiwa usiiguse, ni kwa ajili ya kompaila ya mwaka fulani. Kijana anayejifunza anapoteza siku nzima kwenye kiraka ambacho hakimsaidii mtu yeyote aliye hai. Mimi ni mwalimu, naijua hasara ya kufundisha watoto mambo yaliyokufa huku ya leo yakisubiri mlangoni.

Sababu ya tatu ni kwamba lugha inakua. Kwa muda mrefu Linux iliandikwa kwa kufuata kanuni za lugha ya C za mwaka 1989, pamoja na nyongeza chache. Mwaka 2022, katika toleo la 5.18, ilihamia kanuni za mwaka 2011. Kisa kilichochochea uhamisho huo kilikuwa cha usalama. Chini ya kanuni za zamani, jina lililotumika ndani ya mzunguko wa hesabu lilibaki hai hata mzunguko ulipokwisha, na mtu aliweza kulitumia tena mahali pasipofaa. Kanuni mpya zinaruhusu jina life pale kazi yake inapoisha. Uhamisho ule haungewezekana kama sharti la kompaila lisingepandishwa mwaka uliotangulia. Mlango mmoja ulifunguliwa na kuachwa kwa kitu kingine.

Hapo ndipo wenzangu waliponijibu kwa ukali: wewe mwenyewe ni mtoto wa ukimbizini, unawezaje kushangilia watu wakiachwa nyuma? Nimelitafakari sana swali hilo. Na kweli, si kila kuachwa kunafanana na kwingine.

Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Mimi nilizaliwa na kukulia katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kama mtoto mwingine yeyote wa nchi ile. Niliporejea mwaka 2009 nikiwa na familia, nilikuta shule inasema Kirundi kwa wadogo na Kifaransa kwa wakubwa. Cheti changu cha kidato cha sita kilikuwa halali hadi jana yake. Siku niliyokipeleka kwenye ofisi inayohusika, karani alikigeuza mbele na nyuma, akaniambia nilete cha Kifaransa. Hakusema lini, wapi wala kwa nani. Nimewaona watoto waliokuwa darasa la sita wakikalishwa na wa darasa la nne, si kwa sababu hawakujua hesabu, bali kwa sababu hawakujua hesabu inaitwaje kwa Kifaransa.

Kompaila huachwa kwa kuwa inatafsiri vibaya. Wale watoto hawakuwa na kosa la namna hiyo. Na kompaila haina tumbo wala ada ya shule. Ukiiweka kando haiumii, na yule aliyekuwa akiitumia anaweza kuchukua nyingine bila kulipa senti. Mtu huwezi kumfanyia hivyo. Kwa hiyo hoja yangu kamwe si kwamba kila cha zamani kitupwe. Hoja yangu ni kwamba hata waliokuwa wakiacha kitu kisicho na roho walijali zaidi namna ya kukiacha kuliko wengi wanaoacha watu.

Tazameni walivyofanya. Kwa miaka mingi Linux ilikubali GCC hadi toleo la 3.2, lililotoka mwaka 2002. Oktoba 2018, katika toleo la 4.19, sharti lilipanda hadi 4.6. Mwaka 2020 likapanda hadi 4.8, na muda mfupi baadaye hadi 4.9, kwa kuwa 4.8 nayo ilionekana kuwa na kasoro. Mwaka 2021 likawa 5.1, na mwaka 2025 likawa 8.1. Sasa linganisheni na tarehe za kompaila zenyewe. GCC 4.9 ilitoka Aprili 2014, hivyo ilipofanywa kuwa ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka sita. GCC 8.1 ilitoka Mei 2018, hivyo ilipofanywa sharti ilikuwa imeshapita miaka saba. Hakuna aliyeambiwa alete kitu kilichotengenezwa jana.

Pili, hawakubomoa nyumba ya zamani. Lile toleo la 4.19 lililokubali kompaila ya 4.6 liliendelea kurekebishwa kasoro zake hadi Desemba 2024, yaani miaka sita kamili. Aliyekuwa na mashine ya zamani aliweza kubaki humo, akiwa salama, huku akijipanga.

Tatu, waliacha ngazi. Kompaila nayo ni programu, hujengwa na kompaila nyingine. GCC hadi toleo la 4.7 iliweza kujengwa na kompaila inayojua lugha ya C peke yake. Kuanzia 4.8, ya mwaka 2013, inahitaji kompaila inayojua pia lugha ya C++. Kuanzia toleo la 11, la mwaka 2021, inahitaji ile inayojua angalau C++ ya kanuni za mwaka 2011. Mtu anaweza kudhani mlango umefungwa. Haukufungwa, kwani matoleo yote ya nyuma yamehifadhiwa na yeyote anaruhusiwa kuyachukua. Mwenye kompaila ya kale anaijengea 4.7, kwa 4.7 anajenga la kati, kwa la kati anajenga jipya. Ni kazi ya kuchosha kwenye mashine ya polepole, lakini ni njia, na mwisho wake unajulikana.

Wafanyabiashara wa mpakani mnaweza kupima tofauti kwa kutumia noti, maana noti ndicho kitu cha zamani mnachokatazwa mara kwa mara. Kenya ilipoondoa noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019, ilitangaza tarehe 1 Juni na kutoa hadi tarehe 30 Septemba, miezi minne. Tanzania ilitangaza Oktoba 2024 kwamba noti zake zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zingebadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Hapa kwetu Burundi, Juni 2023, noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zilipewa siku 10. Nchi zote tatu zilikuwa na sababu zake za kuondoa noti. Sibishani na sababu. Lakini mtu aliyekuwa safarini na mzigo, au mama aliyeko mlimani mbali na benki, anajua kwamba siku 10 na miezi minne ni vitu viwili tofauti. Uamuzi ni uleule, aliyebaki na karatasi mkononi si yuleyule.

Narudi kwa wenzangu wanaosema sharti la kompaila ni la kuwaumiza maskini. Ukichunguza ni nani hasa aliyekuwa ameng'ang'ania kompaila za zamani, utashangaa. Mwaka 2020 mfano uliokuwa ukitajwa ni Red Hat Enterprise Linux 7, mfumo wa mwaka 2014 uliokuja na GCC 4.8. Huo ni mfumo unaolipiwa, unaotumiwa na makampuni makubwa kwenye mitambo yao. Shule ya mwambao wa Tanganyika haimo katika orodha hiyo. Maskini kwa kawaida hajengi kiini cha Linux mwenyewe. Anapokea kilichokwisha kujengwa, bure.

Tena wenye nguvu nao wameachwa. Chipu ya Itanium ilikuwa ya Intel, ikawekwa kwenye mitambo ya bei ambayo hakuna shule yetu ingeiota. Linux iliiondoa katika toleo la 6.7, Januari 2024, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuihudumia. Na mwaka 2013, katika toleo la 3.8, iliondolewa chipu ya 386, ile ile ambayo Torvalds aliandikia Linux ya kwanza kabisa. Mwenyewe hakuililia. Methali ya mbachao hapa inapata jibu lake kutoka methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika programu huria anayetaka cha zamani kibaki anaruhusiwa, ila ashike jembe akihudumie. Asiposhika jembe yeye wala mwingine, asimlaumu aliyechoka kulima peke yake.

Hata hivyo nakubali kwamba wenzangu wana hofu ya kweli, ila wameielekeza pasipo pake. Hofu yao ni mashine za shule. Shule moja ninayoifahamu ilipokea kompyuta kutoka kwa wahisani. Zilipigwa picha, watu wakapiga makofi. Zilikuwa na chipu za biti 32 na Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuurekebisha tarehe 8 Aprili 2014. Kijana mmoja mwenye bidii alitaka kuweka Linux mpya, akashindwa. Alidhani hajui. Kumbe mashine aliyopewa ilikuwa imekwisha safari yake kabla haijapandishwa lori. Hilo ndilo linaloniuma, na halikusababishwa na walioandika Linux. Lilisababishwa na mtu aliyetupa mzigo wake kwetu akauita msaada, na wapokeaji ambao hatukuuliza.

Basi tuulize. Debian, moja ya mifumo huria inayotumiwa sana duniani, ilitoa toleo lake la 13 Agosti 2025, na toleo hilo halina tena njia ya kusakinishwa upya kwenye kompyuta za biti 32. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayepewa kompyuta, na mfanyabiashara anayeleta kompyuta za mtumba, swali lao la kwanza liwe: chipu yake ni ya biti ngapi? Ikiwa imewashwa kwenye Windows, ukurasa wa taarifa za mfumo huonyesha. Ikiwa ni Linux, amri ya lscpu hujibu. Angalieni kwa makini, kwani mashine inaweza kuwekewa Windows ya biti 32 wakati chipu yake ni ya 64. Hiyo ni nzima, inahitaji tu kubadilishiwa mfumo. Chipu za biti 64 kwa kompyuta za kawaida zilianza kuuzwa mwaka 2003, hivyo hakuna sababu ya mtu kutuletea za biti 32 leo.

Na kuna neema katika jambo hili kwa mwenye macho. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi nzuri za biti 64 zilikataliwa na Windows 11, na wenye nazo wakaanza kuzitafutia mlango wa kutokea. Mashine hizo hizo zinapokea Linux mpya, pamoja na kompaila mpya, bila malipo. Mfanyabiashara anayejua tofauti kati ya mashine iliyoachwa na kampuni moja na mashine iliyokufa kweli, atanunua kwa bei nzuri na atamuuzia mwalimu kitu kitakachodumu. Asiyejua ataleta mabati.

Hapo pia ndipo ilipo tofauti kati ya programu huria na ile iliyofungwa. Katika iliyofungwa unapewa tarehe, na msimbo hutauona. Ukiambiwa basi, ni basi, au ulipe kuongezewa muda. Katika programu huria unapewa tarehe, unapewa sababu iliyoandikwa hadharani, unaachiwa toleo la zamani na msimbo wake wote, na unaruhusiwa kuleta hoja. Hoja yako inaweza kushindwa. Lakini ilisikilizwa, na mwenye kukushinda alilazimika kusema kwa nini.

Laiti karani yule wa mwaka 2009 angefuata utaratibu wa watu wa kompaila! Angeniambia cheti cha Kiingereza kitapokewa hadi mwaka fulani. Angenionyesha ofisi ya kukilinganisha, ada yake na siku zake. Watoto waliotoka Tanzania wangepewa mwaka mmoja wa kujifunza Kifaransa huku hesabu wakiendelea nayo kwa lugha waliyoijua. Nchi isingepoteza chochote. Ingepata walimu na mafundi mapema zaidi.

Sidai kwamba Burundi ingebaki kutusubiri sisi milele. Nchi ina haki ya kuwa na lugha zake za shule, kama Linux ilivyo na haki ya kuchagua kompaila. Tangu tulipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili na Kiingereza vimepata nafasi darasani, na waliotucheka kwa kutuita Watanzania leo wanatuomba tuwafundishie watoto wao. Mambo hubadilika pande zote mbili. Aliye juu ya sharti leo, kesho sharti litampita.

Kwa sababu hiyo natoa rai kwa kila mwenye mamlaka ya kusema cha zamani basi, awe wa benki, wa forodha, wa shule au wa kompyuta. Aseme mapema, kwa miaka au miezi, si kwa siku. Aache njia ya zamani ikiwa hai kwa muda, ili aliye mbali afike. Aonyeshe ngazi ya kupandia, iwe na vidato vinavyokanyagika. Na aeleze sababu mahali ambapo hata anayeumia anaweza kuisoma na kuijibu.

Na kwetu sisi, warejeaji na wavuka mipaka, rai yangu ni fupi. Tukipewa muda, tusiutumie kulalamika hadi uishe. Nimewaona watu Rumonge waliokaa na vyeti vyao mkobani miaka mitano wakisubiri serikali ibadili msimamo, na nimewaona waliojifunza Kifaransa usiku kwa taa ya chemli, leo ni wakuu wa shule. Kompaila mpya inapatikana bure. Kinachogharimu ni usiku mmoja wa kuipakua na subira ya kuijenga. Mwanafunzi wangu yeyote anayetaka kujaribu ngazi ile ya kutoka 4.7 hadi leo, aje maabara siku ya Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa hisabati na kompyuta wa shule ya sekondari huko Rumonge.